Pipa Chini ya Kanga

Tangazo. Mbu wote, wenye makao ya kudumu na wenye kupanga, mnaoishi baina ya Matrah na Al Khuwair, katika mapipa, makopo, mashimo ya misingi na matangi yasiyofunikwa, mnaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba kuanzia mwaka huu wa tisini na nne mambo yenu yote ya uzazi yamekabidhiwa mikononi mwa Bi Kheiria binti Safwan, mzaliwa wa Unguja, mwenye miwani minene, viatu vya raba na upawa. Aliye na malalamiko ayalete mapema, kwani baadaye hatakuwa na miguu ya kuyaletea.

Hakuna mbu aliyelalamika. Manyapara ndio waliolalamika, wote kwa pamoja.

Ilikuwa miaka ambayo Maskati ikijengwa kana kwamba kuna mtu amenong'onezwa kuwa Kiyama ni Alkhamisi. Barabara zilizaa barabara. Palipokuwa na kiwanja asubuhi, jioni pana shimo la msingi. Shimo likatoa maji, na kando ya maji wakalazwa wanaume mia kutoka Bara Hindi katika vibanda vya mbao visivyo na nyavu. Ukiwa mbu, Pepo ndiyo hiyo: maji mlangoni, chakula kitandani.

Bi Kheiria alilipwa kuiharibu Pepo hiyo. Aliondoka Unguja akiwa binti mdogo, akasomea maabara Cairo, akafika Maskati katika miaka ya sabini, wakati nchi ilikuwa ikimtaka mtu yeyote anayeweza kusoma chupa ya dawa bila kuishika kichwa chini. Miaka kumi na minane aliinamia hadubini akihesabu vimelea katika damu za watu. Halafu wakubwa wakagundua jambo ambalo kila mama wa nyumbani alilijua: kuua mbu ni rahisi kuliko kuuguza watu. Wakaunda kikosi cha kukagua majengo, wakamweka yeye akiongoze uwanjani, kwa sababu hakuwa na adabu kwa wakubwa na hakuogopa jua.

Alikuwa akiingia saiti saa nne ya asubuhi, buibui limekunjwa hadi kwenye soksi, mkononi upawa mweupe wenye mpini mrefu. Anauzamisha katika pipa taratibu, anauinua, anautazama. Viluwiluwi wa mbu wa kawaida huning'inia kichwa chini kama walevi. Wale wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, wametulia kama watu wenye hatimiliki. Akiwaona hawa wa pili, anamimina pipa zima kwenye viatu vya nyapara. Kisha anasema, "Hilo moja. Tuendelee?"

Nyuma yake alitembea Yaqoob, dereva na mpulizaji dawa. Yaqoob alizaliwa Tabora, akaja Maskati na wazazi wake, na mpaka leo anakisema Kiswahili cha kwao kwa kiburi, jambo lililowapa wote wawili kazi ya ziada.

"Nyie watu wa pwani," humwambia, "neno moja mnalizungusha wee, mpaka chai inapoa."

"Na nyinyi wa Bara," humjibu, "mnaimeza moto, ndo maana hamsikii ladha. Shusha pampu."

Palikuwa na kanuni moja juu ya zote. Yeyote anayeingia kutoka Afrika Mashariki, mgeni au mwenyeji aliyekwenda kutembea, atoe tone la damu ndani ya siku tatu. Sasa, watu wetu ukiwaambia wapimwe homa wakitoka Unguja, huona umewatukania nchi. Nyumba moja ya Matrah ilimficha bwana harusi kabatini. Nyingine ilimtoa mpishi atobolewe kwa jina la baba mwenye nyumba. Bi Kheiria hakumsamehe mtu. Alimtoboa sheikh akiwa na msahafu mapajani. Alimtoboa bibi harusi juu ya hina mbichi, akapangusa, akampa hongera.

Kisha, Oktoba ya mwaka tisini na saba, akaja khalati yake.

Bi Mahbuba alikuwa dada wa marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea. Alishuka uwanja wa ndege na masanduku matatu ya mabungo, achari na karafuu, mgongo wima, mdomo haujapumzika tangu kupanda ndege Kisauni. Jioni hiyo hiyo Bi Kheiria akatoa sindano yake na kigae cha kioo, akavitandaza mezani kando ya kahawa.

"Khalati, nipe kidole."

"Cha nini?"

"Nikutoe damu. Tone moja tu."

Bi Mahbuba akaweka finjani chini. "Kheiria. Masikio hayo nani kakutoboa?"

"Wewe, khalati."

"Kwa sindano na uzi, na kanga yangu ukanichafulia. Ukapiga ukelele watu wa mtaa wa Malindi wakatoka na ndoo, wanadhani moto. Basi leo nnatoka safari, masikio bado yanavuma ndege, ndo unitoboe mimi? Kuli mimi?"

"Si kuli. Ni kila mtu."

"Mimi si kila mtu. Na homa sina. Niguse. Hapa, niguse. Nna homa?"

Akamgusa. Hakuwa na homa. Na hapa Bi Kheiria, mwanamke aliyefundisha watu darasani kwamba mtu aliyekulia kwenye malaria anaweza kuibeba damuni miezi bila kuhisi hata uvivu, akakikunja kitambaa cha sindano. "Basi kesho."

"Inshaallah kesho," akasema Bi Mahbuba, kwa ile inshaallah ambayo kila Mzanzibari anaijua kuwa ni jina jingine la hapana.

Siku ya pili walikuja wageni kumsalimia. Ya tatu ilikuwa Ijumaa. Ya nne, Bi Kheiria alikaa ofisini na rejista inayotakiwa kufungwa, wageni ishirini na mbili, safu ishirini na moja zimejaa. Kwenye safu ya ishirini na mbili, mbele ya jina la khalati yake, akaandika: *Hana.* Herufi nne. Wino ukakauka upesi, kama unavyokauka kila wino Maskati.

Wiki iliyofuata Yaqoob alipita mtaani Al Khuwair na chaki yake. Kila ua ulikaguliwa, na mlango wa ua uliokaguliwa ukatiwa alama ya mviringo. Akafika mlango wa bosi. Kwa ndani akasikia sauti ya bibi mzee anaimba, akaona kwa ufa kanga zimeanikwa. Tabora wanafundisha adabu kama kwingine: huingii ua wa mwanamke aliyekuzidi cheo ukapekua vyombo vya mamake. Akapiga mviringo wa chaki, akaondoka.

Wala hapakuwa na haja ya kupekua sana. Pipa la bluu lilikuwa pale pale ukutani. Bi Mahbuba hakuyaamini maji ya bomba. Maji, alisema, yanatakiwa yalale siku mbili tatu, yasahau chuma, ndipo yatiwe kwenye asumini na ndipo mtu atawadhe. Akajaza pipa na kulifunika kwa kanga chakavu ili yapumzike kwa heshima. Bi Kheiria alilipita pipa hilo kila asubuhi akienda kuyamimina mapipa ya wenzake.

Upande wa pili wa ukuta ilikuwa saiti, jengo la ofisi la ghorofa nne, na katika saiti alikuwemo Ishaq.

Ishaq alitoka Hyderabad. Kazi yake ilikuwa kumwagilia zege. Zege jipya likiachwa na jua la Maskati hupasuka. Kwa hiyo asubuhi, mchana na jioni alipanda na mpira wa maji, akalinywesha kama mtu anayemuuguza ng'ombe. Miaka minne alikuwa hapa bila likizo, kwa sababu kampuni ilikuwa na desturi ya kuisahau likizo yake. Mapipa ya saiti aliyatunza yeye, na mapipa hayo ndiyo pekee katika Maskati nzima ambayo Bi Kheiria hakuwahi kuyamimina. Kila akifika, yamepinduliwa, yamekaushwa, yamesuguliwa mpaka shingoni. Ishaq husimama kando, mikono nyuma, bega la kushoto limeshuka kidogo kwa kubeba mpira, na kutamka maneno mawili aliyoyaokota kwa kumsikiliza: "Safi, mama."

"Safi," humjibu. Hilo kwa Bi Kheiria lilikuwa shairi zima.

Magharibi, kazi ikiisha, Bi Mahbuba aliweka kiti chake chini ya ukuta. Ukuta ulikuwa mfupi, unafika kifuani. Ishaq alikaa juu ya tofali upande wake, na sahani ikapita juu: mbaazi, mkate wa ufuta, samaki wa kupaka.

"Kula mwanangu. Mbona umekonda hivo? Mama'ko akikuona atasema mimi ndo nimekukondesha."

Ishaq alijibu kwa lugha ya kwao, sentensi ndefu, akielekeza kidole upande wa mashariki, akionesha kwa kiganja kimo cha mtoto. Bi Mahbuba alitikisa kichwa, akauliza jina la mtoto kwa Kiswahili, akajibiwa kitu, akaridhika. Mikutano ya kikosi ilikuwa na wakalimani wawili na haikufika hata nusu ya kuelewana huko. Kati yao, kwenye giza jembamba linaloanza, kitu kidogo kilitoka chini ya kanga, kikamtembelea mmoja, kikapumzika siku zake, kikamtembelea mwingine.

Mwanzoni mwa Desemba Ishaq alishikwa na homa. Nyapara akampa panadoli na kumwambia ni jua. Siku ya tatu alipanda na mpira akamwagilia hewa. Siku ya nne alikuwa akizungumza na watu wasiokuwepo, wenzake wakambeba hospitali. Siku ya tano akafa.

Kigae cha damu yake kilifika mezani kwa Bi Kheiria baada ya maziko. Alikiweka chini ya hadubini akiwa hajasoma jina. Pete za vimelea zilijaa, ndogo, nyembamba, mbili mbili ndani ya chembe moja, ile malaria kali inayoua. Akasema kimoyomoyo: huyu kachelewa. Kisha akasoma jina. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akaomba pasi ya marehemu ya kusafiria kutoka kampuni. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka minne nyuma.

Mtu mwingine angehitaji siku kufikiri. Yeye alihitaji muda wa kuendesha gari hadi nyumbani. Aliingia uani bila kuvua buibui, akachukua upawa, akaifunua kanga.

Walikuwa wamelala sambamba na maji. Wengi. Wametulia.

Safari hii hakumimina. Alisimama na upawa mkononi kama aliyeshika mkono wa maiti, mpaka khalati akatoka jikoni.

"Kheiria, lifunike, maji yatapata jua. Na yule kijana yu wapi? Sahani yangu iko kwake."

"Kenda kwao, khalati."

"Bila ya kuniaga?"

"Kapata ndege ya ghafla."

"Haya. Mungu amfikishe." Bi Mahbuba akautazama uso wa mwanawe, na kwa mara ya kwanza katika miaka sabini na kitu akatoa kidole bila ya mjadala. "Mbona hivyo? Haya, toboa, nini kikulizacho?"

Akamtoboa. Kwenye kigae hapakuwa na pete. Palikuwa na vile vyengine, vilivyopinda kama mwezi mwandamo, ambavyo havimdhuru mwenyewe, vinamngoja mbu tu. Akavihesabu. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu. Akampa khalati dawa akisema ni ya damu, akalipindua pipa, akalisugua mpaka shingoni, na mwezi ulipokwisha akamrudisha Unguja na masanduku mapya.

Wenyeji wana msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna aliyeuliza kuhusu jirani.

Mkuu wa kikosi alikuwa Daktari Mutasim, mtu mwenye shahada tatu na ubao mmoja. Ubao ulitundikwa ukumbini, na juu yake kila asubuhi karani alibadilisha nambari: siku ngapi zimepita pasipo mtu kuambukizwa malaria hapa hapa mjini. Anayekuja nayo kutoka nje havunji hesabu. Asubuhi Bi Kheiria alipoitwa kuhusu fomu ya Ishaq, ubao ulisema 411, na baada ya wiki mbili ulikuwa unatarajiwa ujumbe wa wageni waliovuka bahari kuja kuutazama.

"Kaja nayo," akasema Daktari Mutasim, fomu ya Ishaq mbele yake.

"Hajasafiri miaka minne, daktari."

"Basi kaja nayo polepole."

"Malaria hii haikai miaka minne."

"Bi Kheiria." Akaiweka kalamu. "Wenzake wote saiti umewapima mwenyewe. Hawana. Mtaa mzima umetiwa chaki. Wageni wote wamo kwenye rejista yako. Hawana. Sasa kama kaipata hapa, kaipata kwa nani? Unaye mtu?"

Alikuwa naye. Alikuwa naye ulimini, jina kamili. Angelitoa, rejista yake ya miaka mitatu ingekuwa karatasi ya kufungia bajia, na Maskati nzima ya watu wa Unguja ingejua kwamba binti Safwan aliyetoboa maharusi kamficha khalati yake na khalati yake kaua mtu. Saa ya ukutani ilipiga. Daktari akamsogezea kalamu.

Akatia sahihi. *Kaja nayo.*

Saiti ikaandikwa kuwa ni chafu, maana ugonjwa lazima uwe na mahali. Vibanda vikapuliziwa dawa mpaka paka wakahama, na wenzake Ishaq wakapelekwa barabara ya jangwani kama adhabu ya uchafu wasioufanya. Ubao ukasema 412.

Wiki ya tatu baada ya hapo alimwona. Si usiku, la. Wafu wa kwetu hungoja giza, huyu alikuja saa saba mchana, jua la utosi, watu wote wamekwenda kula. Bi Kheiria alikuwa saiti ya hoteli, Qurum. Juu ya zege la ghorofa ya pili mtu alisimama amempa mgongo, mpira wa maji mkononi, akinywesha taratibu kutoka ukingo hadi ukingo. Bega la kushoto limeshuka kidogo. Alimjua kwa bega.

Akapanda. Hakukuwa na mtu. Zege lilikuwa limelowa.

"Yaqoob! Nani kamwagilia hapa?"

Yaqoob akapanda akihema, akaweka kiganja. Maji. Akatafuta mpira, ulikuwa chini, umeviringwa, umekauka. Akatafuta bomba, lilikuwa bado halijaunganishwa na maji.

"Bosi," akasema, "mimi nashuka."

Walipokagua mapipa ya saiti hiyo, waliyakuta yote yamepinduliwa, yamekaushwa, yamesuguliwa. Nyapara akaapa kwa Mungu wa dini tatu kwamba hakumwagiza mtu.

Ikawa hivyo miaka saba. Si kila saiti, wala si kila mwezi. Vya kutosha tu usizoee. Daraja la Seeb. Jengo la benki. Shimo la msikiti mpya ambalo hata imamu alikiri kuwa ni bwawa. Anapoonekana juu, mapipa ya chini huwa safi. Kikosi kilikuwa na wafanyakazi thelathini na sita wenye mshahara, na hakuna hata mmoja aliyefanya kazi kama yule asiye na mshahara. Ripoti za Bi Kheiria zikawa nzuri kupita kiasi. Daktari Mutasim akazisoma kwenye mikutano kwa sauti ya kutetemeka. Bi Kheiria mwenyewe akakonda. Aliacha kunywa maji yaliyokaa kwenye kikombe. Kila akiinamia hadubini, iwe damu ya nani, kwanza huziona herufi nne, halafu ndipo zinapotawanyika zikawa chembe.

Na kila Idi simu ililia kutoka Unguja.

"Kheiria, yule kijana wangu wa ukutani hajaandika?"

"Bado, khalati."

"Msalimie. Mwambie sahani na akae nayo."

Yaqoob alimpeleka bosi wake kwa mganga wa mji wa Bahla, mganga akataka kuku mweusi na maelezo. Kuku alipatikana.

Mwaka wa elfu mbili na nne kikosi kiliandaa semina ya madaktari vijana. Ubao ulikuwa umepita elfu mbili na mia saba na kuhamishiwa kwenye fremu ya dhahabu. Daktari Mutasim alifundisha mwenyewe, akionesha picha ukutani, na picha ya nne ilikuwa fomu ya Ishaq.

"Mfano wa kitabuni," akasema. "Kibarua, maisha ya uchafu, kaja na ugonjwa kutoka kwao. Hatukuwa na maambukizo ya hapa. Bi Kheiria, aliyeketi pale, ndiye aliyethibitisha. Tumpigie makofi, mwakani anastaafu."

Wakapiga. Mkono mmoja haukupiga, ulinyooshwa juu. Ulikuwa wa daktari msichana, Shatha, aliyekuwa na tabia mbaya ya kusoma maandishi madogo.

"Samahani daktari. Hapo chini pameandikwa pasi yake haina muhuri miaka minne. Kaja nayo vipi?"

"Swali zuri. Tutalijibu wakati wa chai."

"Nnalijibu mimi," akasema Bi Kheiria.

Alisimama. Kwenye dirisha nyuma ya Daktari Mutasim lilionekana jengo la jirani linalopanda, na juu ya zege lake mtu mwenye bega lililoshuka. Hakumtazama. Aliwatazama vijana.

"Hakuja nayo. Kaipata Al Khuwair, kwenye ukuta wa nyumba yangu, akila chakula cha khalati yangu. Khalati alitoka Unguja nayo damuni. Nilitakiwa nimtoboe, nikamwonea haya. Nikaandika hana. Mbu walizaliwa kwenye pipa la uani kwangu. Mapipa yake yeye yalikuwa safi. Andikeni hilo: mapipa yake yalikuwa safi."

Yaqoob alikuwa amekaa nyuma karibu na birika la chai. Akainuka naye, kwa shida. "Na ule mlango nilitia chaki bila kuingia," akasema. "Basi na mimi niandikeni."

"Bi Kheiria amechoka," akasema Daktari Mutasim.

"Sijachoka. Nimedanganya."

Akaenda mbele, akaomba rejista ya tisini na saba iliyowekwa mezani kwa maonesho, akatafuta safu ya ishirini na mbili, akalikata neno kwa mstari mmoja, akaandika la kweli na tarehe ya siku hiyo. Kisha fomu. *Kaipata hapa.* Kalamu ilisikika hadi kwenye birika la chai. Shatha alikuwa analia na kuandika, vyote pamoja, kama wanavyofundishwa siku hizi.

Ubao ulishushwa wiki hiyo. Ilisemekana unapigwa rangi.

Hawakumfukuza, kumfukuza kungehitaji barua, na barua ingehitaji sababu. Walimpeleka ghala la pampu za zamani Matrah, akae humo mpaka siku yake ya kustaafu ifike. Watu wetu walifanya lililobaki. Kadi za harusi zikaacha kuja. Kwenye khitma moja mama mmoja alihama mkeka. "Kamtangaza khalati yake kama mbu," walisema, na ukweli ni kwamba walisema vizuri.

Simu ya Unguja aliipiga mwenyewe, bila kungoja Idi.

"Khalati. Yule kijana wa ukutani hakwenda kwao. Kafa. Mwaka ule ule."

Bi Mahbuba alikuwa amefikia umri ambao habari hupanda ngazi polepole.

"Kafa na nini?"

"Homa."

"Homa ya nani?"

Bi Kheiria akaihamishia simu sikio la pili.

"Nnakuuliza, Kheiria. Homa ya nani?"

"Yako, khalati. Na pipa langu."

Kilisikika kiti kikivutwa. Kisha kuvuta pumzi. Kisha sauti ndogo, ya mtu ambaye mgongo wake hatimaye umepinda.

"Ungenitoboa tu. Ningepiga kelele, halafu ningenyamaza."

Akauliza mtoto wa Ishaq alikuwa akiitwa nani, maana aliambiwa na hakulishika jina. Bi Kheiria hakujua. Bi Mahbuba akasema basi atamwombea bila jina, Mungu ana orodha yake. Simu ikakatika, pengine aliikata.

Yaqoob alikuwa akipita ghalani kila Jumatano na chapati, maana naye walimpa gari la kubeba viti. Walikaa mlangoni kwenye masanduku. Ng'ambo ya barabara palikuwa panainuka jengo jipya, ghorofa ya tatu, jua la utosi, vibarua wamekwenda kula. Yaqoob alikula chapati nzima kabla ya kupata ujasiri.

"Bosi. Umeshasema mbele ya wakubwa. Umeshamwambia na mama yako. Watu wamekutenga, cheo huna, jina la Ishaq limesafishwa. Hapo mtu hutulia, anaenda zake kupumzika. Nauliza tu, kwa nia njema kabisa. Yule bwana amesharidhika? Amekwambia neno? Amekusamehe?"

Bi Kheiria aliinua macho, akatazama juu ya zege. Akapangusa samli vidoleni.

"Yuko kazini," akasema.